Jirani na Umma: Kisa cha Minara ya Mdomo wa Mto Chicago

Kiswahili kina maneno mawili ambayo kwenye mikutano ya hadhara aghalabu huchanganywa, ilhali kila moja lina maana yake: jirani na umma. Jirani ana mlango, dirisha na ukuta wa kutetea. Umma hauna mlango. Huja, hupita, huketi kivulini na kwenda zake. Hapa Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipoutaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, watu wamezoea kuona ukumbi, viti vya plastiki na kipaza sauti, kisha kuambiwa kwamba umma umesema. Ni nadra kuulizwa nani hasa aliyesema. Kisa cha kipande kimoja cha ardhi katika jiji la Chicago, Marekani, chalipa swali hilo uzito, maadamu huko jibu limekwisha kuandikwa kwa saruji na vioo.

Kipande hicho kiko pale Mto Chicago unapokutana na Ziwa Michigan. Kuuita mdomo wa mto ni mazoea tu, kwa kuwa mwaka 1900 wahandisi waliugeuza mto huo, ukaacha kumwaga maji ziwani na kuanza kuyachota humo, ili uchafu wa jiji usiingie katika maji ya kunywa. Mtaa wa jirani huitwa Streeterville. Jina hilo latokana na George Wellington Streeter, ambaye chombo chake kilikwama mchangani mwaka 1886, naye akadai kwamba ardhi yote iliyojazwa kukizunguka ilikuwa mali yake. Alivutana na wenye mali na mahakama kwa miaka mingi. Wakazi wa fleti ghali za leo, wanaolinda mtaa wao dhidi ya wageni, wanaishi katika mtaa uliobeba jina la mvamizi. Mwandishi wa tamthilia angebuni kejeli kama hiyo, angeambiwa ametia chumvi.

Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba hapo pangesimamishwa mnara uliobuniwa na Santiago Calatrava, msanifu kutoka Uhispania: mrefu kupita jengo lolote la Marekani na uliojiviringa kama pembe ya mnyama. Ramani yake ilibadilishwa zaidi ya mara moja, na kila badiliko likazua mjadala. Hatimaye ikakubaliwa ghorofa 150, futi 2,000 kwenda juu, fleti zaidi ya 1,000. Uchimbaji ulianza mwaka 2007. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukayumba, kazi ikasimama. Kilichobaki ni shimo la mviringo lenye upana wa futi 110 na kina cha futi 76. Majirani walilitazama shimo hilo kutoka madirishani mwao kwa miaka mingi. Baadaye mmiliki mpya, kampuni ya Related Midwest, aliinua tuta la udongo ili lisionekane. Hivyo basi ndoto ya jengo refu kuliko yote ikaishia kuwa kitu cha kufichwa machoni.

Mei 2018 kampuni hiyo iliwaita wakazi kuwaonyesha ramani mpya. Minara ilikuwa miwili, mmoja wa futi 1,100 na wa pili wa futi 850. Mrefu ungekuwa na hoteli pamoja na fleti za kuuzwa, na mfupi fleti za kupanga. Waliozungumza walitaja msongamano wa magari, malori ya hoteli na ukubwa wa jengo la chini. Njia ya waendao kwa miguu iliyochorwa kando ya maji nayo iliwatia wengine wasiwasi, kwani ingewaleta wapita njia karibu na milango ya nyumba zao.

Msomaji asikimbilie kuwacheka. Mtu aliyekopa fedha za kununua nyumba, akaishi kando ya shimo mwongo mzima, ana haki ya kuuliza magari yatapita wapi. Fauka ya hayo, hoja ya hoteli ilikuwa na msingi, kwani barabara za hapo ni chache na nyembamba. Lakini tazama uwezo wa sauti hizo. Katika Chicago yenye madiwani 50, kuna desturi ya muda mrefu kwamba ujenzi mkubwa katika wadi huwa mgumu kupita iwapo diwani wa wadi hiyo ameukataa. Oktoba 2018, Brendan Reilly, diwani wa wadi ya 42, alitangaza kwamba ameukataa mradi. Hoteli iondolewe, alisema. Jengo la chini liondolewe. Suala la njia ya maji litatuliwe. Na bustani ya karibu iwekewe ulinzi na udhibiti wa wanaoingia.

Mwaka 2020 ramani ilirudi ikiwa imenyenyekea. Minara ilikuwa futi 875 na futi 765, hoteli haikuwapo, na jumla ya fleti ilikaribia 1,100. Masika hayo, watu wakiwa wamejifungia majumbani kwa sababu ya korona, baraza la jiji liliupitisha mradi. Iwapo kipimo cha ushirikishwaji ni wenyeji kusikilizwa, basi hapa walisikilizwa barabara.

Ni hilo neno moja, bustani, linalostahili kusimamiwa. Mashariki ya kiwanja cha minara, ng'ambo ya barabara kuu ya kando ya ziwa, kuna rasi ndogo ya ekari tatu na ushei. Mwaka 1987 Harold Washington, Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa meya wa jiji hilo, aliitenga rasi hiyo iwe bustani ya kumuenzi Jean Baptiste Point du Sable. Novemba ya mwaka huohuo Washington akafariki akiwa bado mamlakani. Wahenga waliposema kwamba ahadi ni deni, hawakueleza deni hulipwa na nani mwahidi akifa.

Du Sable alikuwa mtu mweusi, anayesadikiwa na wengi kuwa mzaliwa wa Haiti. Katika miaka ya 1780 alifanya makazi na biashara kwenye ukingo wa kaskazini wa mto huo pamoja na mkewe Kitihawa, wa kabila la Wapotawatomi. Mwaka 1800 aliuza mali yake, na orodha ya mauzo imehifadhiwa: nyumba ya futi 40 kwa 22, tanuri la mikate, kinu cha kukokotwa na farasi, chumba cha maziwa, ng'ombe, nguruwe, na kuku 44. Orodha hiyo yaonyesha mji wa mtu aliyekusudia kukaa. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitabu vilimtaja John Kinzie, mzungu aliyekuja kuikalia nyumba hiyohiyo, kuwa ndiye mwasisi wa Chicago. Ilibidi wanawake weusi wa jiji hilo wapiganie kwa miaka hadi maonyesho ya dunia ya mwaka 1933 yakaweka mfano wa kibanda cha Du Sable.

Rasi yake ilibaki magugu. Si hivyo tu. Uchunguzi wa mwaka 2000 uligundua katika udongo wake thoriamu, madini yenye mnururisho. Asili yake itawashangaza wasomaji waliolelewa na mwanga wa karabai. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwapo mtaani humo kiwanda kilichotengeneza vile vifuko vya nyuzi vinavyowaka ndani ya taa za namna hiyo, na thoriamu ndiyo iliyovipa mwanga wake mweupe. Taka za kiwanda zilichanganyika na udongo uliotumiwa kujazia ardhi. Bustani ya mwasisi mweusi ikawa imepangiwa mahali ambapo pa kwanza kufanyika kazi pangekuwa kuondoa sumu.

Katika miaka hiyo ya mwanzo wa 2000, msanii Laurie Palmer aliwaalika watu wachore na kuandika mapendekezo yao juu ya rasi hiyo, kisha akayaonyesha hadharani na kuyatoa kitabuni. Waliojibu hawakuwa na madirisha yanayoitazama. Yamkini hapo ndipo umma, kwa maana yake halisi, uliposema waziwazi zaidi juu ya ardhi hiyo. Vyama vya kuienzi kumbukumbu ya Du Sable navyo vilisema, mwaka baada ya mwaka. Hakuna diwani aliyeusimamisha mradi wowote kwa ajili yao.

Na hili ndilo linalouma katika kisa kizima. Ahadi ya bustani ilikwisha kufungwa kwenye mguu wa minara. Mwenye mnara wa Calatrava aliahidi kuigharimia, akaanguka pamoja na mnara wake. Related Midwest nayo iliahidi dola milioni 10. Maana yake ni kwamba kila jirani aliyefaulu kuuchelewesha mradi kwa sababu ya malori aliichelewesha pia bustani ya watu asiowajua, bila kukusudia. Na kila mpenzi wa Du Sable alilazimika kuombea fleti za matajiri zijengwe upesi. Alipotajwa mkutanoni yule mtu wa kuja kuketi bustanini, alitajwa kama suala la usalama: ataingilia wapi, atatoka saa ngapi. Anayesoma orodha ya masharti ya mwaka 2018 kwa jicho la mwanafunzi wa lugha ataona kwamba kitenzi cha bustani hiyo ni kudhibiti. Kukaribisha hakumo.

Ujenzi wa mnara wa kwanza ulianza mwaka 2024. Ni ghorofa 72 na fleti 635, nazo 127 miongoni mwake zimetengewa wapangaji wenye kipato cha chini kuliko bei ya mtaa, jambo ambalo ramani ya Calatrava haikulijua. Hilo lapaswa kusifiwa bila kinyongo. Wachimbaji walipofika, ahadi ya Washington ilikuwa imetimiza miaka 37, na bustani ilikuwa haijafunguliwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, baada ya ubishi mkali, madiwani walikubali kuiongezea barabara kuu ya kando ya ziwa jina la Du Sable. Ni barabara ileile inayoitenga rasi na mji. Magari hupita juu yake mchana na usiku, na njia ya miguu iliyochorwa kuifikia bustani itapita chini yake.