Nilivyosailiwa Kuingia Chama cha Midahalo

Ndugu msomaji, kama unaye mtoto au mdogo wako aliyeingia chuo kikuu mwaka huu, huenda amekwisha kukupigia simu na kukueleza kwamba ataka kujiunga na chama. Nawe huenda ulinyamaza kidogo, ukajiuliza: Chama gani tena? Tumemtuma kusoma, au kutafuta vyama? Baba yangu aliniuliza hivyo hivyo. Basi nataka nikueleze mambo haya yalivyo, maana mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba niliomba kuingia chama cha midahalo, nikasailiwa, nikapewa jibu.

Kwanza ujue kwamba vyama vya wanafunzi ni vingi sana. Juma la kwanza tu utakuta meza zimepangwa chini ya miti, kila meza na watu wake na karatasi zao. Wako wa Msalaba Mwekundu, wako wa kupanda miti, wako wanakwaya, wako wa mpira, wako wanaojifunza biashara, wako na wale wa mkoa mmoja wanaosaidiana mwenzao akifiwa. Karibu vyote hupokea kila ajaye. Waandika jina lako, watoa ada, umekwisha kuwa mwanachama. Lakini vichache huchagua watu wake, na chama cha midahalo ni kimoja katika hivyo. Mwaka huu tulioomba tulikuwa 64. Nafasi zilikuwa 12.

Mdahalo wa huku si ule wa sekondari, wa kubishana kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, ambapo kila mtu alijua maneno yake tangu juma lililotangulia, na wapiga makofi walikuwa wengi kuliko wasemaji. Huku twafuata mtindo uitwao wa Bunge la Uingereza. Wasemaji ni wanane, wawili wawili, yaani makundi manne. Makundi mawili huitwa Serikali, nayo huitetea hoja. Mawili huitwa Upinzani, nayo huipinga. Hoja hutangazwa dakika 15 tu kabla ya kuanza, wala huruhusiwi kuitafuta kwenye simu. Kila msemaji hupewa dakika 7. Dakika ya kwanza na ya mwisho huachwa aseme peke yake, lakini hapo katikati mtu wa upande wa pili aweza kusimama kukuuliza, nawe wampokea au wamkatalia kwa adabu. Mwisho waamuzi huyapanga makundi, la kwanza mpaka la nne.

Tena, huchagui upande. Wapangiwa. Jioni waweza kutetea jambo ulilolipinga asubuhi.

Hilo ndilo lililomshtua baba. Akasema, "Basi huko wawafundisha uongo, mwanangu?" Swali hili si la kuchekwa, nami nitalirudia.

Alikuwa na hofu ya pili, nayo haikuzuka hivi hivi. Kwa wazee wetu maneno chuo na chama yakikaa pamoja huleta kumbukumbu mbaya. Babu yangu hakusahau habari za tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha kwao zaidi ya 300. Mwezi wa Machi 1978 waliandamana tena, na wengi wakafukuzwa tena. Wazazi waliouza ng'ombe ili mtoto asome walimwona amerudi na sanduku lake. Katikati ya miaka hiyo kilikuwapo pale Mlimani chama cha wanafunzi wa mapinduzi, kilichoanza mwaka 1967. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda aliyeingia chuoni mwaka ule ule, jina lake Yoweri Museveni. Mwaka 1970 chama hicho kilipigwa marufuku pamoja na gazeti lake, Cheche. Sikumficha baba haya. Ila nilimkumbusha kwamba Mwalimu mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi Makerere kati ya mwaka 1943 na 1945, ndiye aliyeanzisha na wenzake chama cha wanafunzi wa Tanganyika. Baba akasema, "Mwalimu alikuwa Mwalimu." Sikuwa na jibu la hilo, wala nadhani halipo.

Akaniuliza mambo manne, nami nakushauri uyaulize wewe pia, maana kwangu yalinisaidia kupima. Ada ni kiasi gani? Mnakutana siku ngapi? Mlezi wenu ni mwalimu yupi? Na mitihani ikija, chama chasimama au chaendelea? Ada ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka. Mikutano ni mara mbili kwa juma, jioni. Mlezi ni mwalimu wa sheria. Mitihani ikikaribia chama hufungwa majuma matatu. Hili la mwisho lilimtuliza, maana alikwisha kusikia neno "kudisko", ndivyo wanafunzi wasemavyo mtu akiondolewa chuo kwa kushindwa mitihani, na huko kijijini latisha kuliko neno simba.

Basi nikajaza fomu. Waliuliza jina, masomo ninayosoma, na kwa nini nataka kujiunga, kwa maneno yasiyozidi 200. Wenzangu chumbani waliandika kwamba wataka kuwa viongozi wa kesho. Mimi niliandika habari za sengu.

Msomaji usiyetoka Umatengo, nikueleze. Sisi ndio watu wa Mbinga tunaolima milimani kwa mashimo ya ngoro. Zamani wanaume wa ukoo mmoja walikuwa wakila pamoja kwa mzee wao, na chakula kikiletwa kutoka nyumba mbalimbali. Hapo waliongea habari za mashamba, za mipaka, za ugomvi wa ndugu. Hiyo ndiyo sengu. Babu aliiona akiwa mtoto. Alisema mzee mwenye sengu hakukata neno kabla hajamwambia mmoja wa wagomvi arudie maneno ya mwenzake, tena ayarudie mpaka yule mwenzake akubali kwamba, ndiyo, ndivyo nilivyosema. Mgomvi asiyeweza hakuruhusiwa kuendelea na yake. Labda si kila sengu ilifanya hivyo. Ya babu ilifanya.

Usaili ulikuwa siku ya Jumamosi. Nilifika saa mbili asubuhi, nikaitwa saa nane mchana. Muda wote huo tulikaa barazani tukisikiliza sauti za waliomo ndani, na hiyo, nakwambia, ni adhabu kubwa kuliko kusailiwa kwenyewe. Wenzangu wengi walitoka katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kiingereza chao hutiririka kama maji ya bomba. Changu ni cha ubaoni. Kwetu shule ya msingi ni Kiswahili, na sekondari mwalimu wa historia alieleza kwa Kiingereza dakika 5, akaona nyuso zetu, akarudi kwenye Kiswahili. Kijana mmoja mbele yangu alisema vizuri mno, tulimsikia kwa dirishani tukakata tamaa. Kisha tukasikia msaili akimwuliza, "Sawa, na hoja yako ni ipi?" Kukawa kimya kirefu.

Ndani walikuwapo wasaili watatu, wote wanafunzi wa mwaka wa tatu, na msichana mmoja alikuwa mkubwa wao. Walinisalimu vizuri. Akanipa karatasi iliyokunjwa, nikaifungua. Hoja ilikuwa hii: mkulima wa kahawa aachwe auze kahawa yake kwa mnunuzi yeyote, bila kulazimishwa kupitia chama cha ushirika. Upande wangu: Serikali, yaani kuitetea.

Wasomaji wa Mbinga, wa Kagera na wa Kilimanjaro watanielewa. Mwaka 2018 ndipo ilipoagizwa kwamba kahawa ya wakulima ipitie vyama vya ushirika, na wanunuzi binafsi wasiingie tena vijijini kununua. Kabla ya hapo kwetu kulikuwa na biashara ya magoma: mwenye fedha anampa mkulima vijisenti wakati kahawa ingali mtini, na wakati wa mavuno anachukua magunia. Nimewaona watu wakivuna kahawa isiyo yao katika shamba lililo lao. Na baba yangu ni mjumbe wa bodi ya chama cha ushirika cha kijiji chetu. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Sasa nimepewa dakika 15 nijitayarishe kusema kinyume chake.

Ulimwengu wote waujua mchezo huu, hata Kanisa. Mwaka 1587 Papa Sixtus V aliweka rasmi afisa wa kuchunguza madai ya utakatifu na kutafuta sababu za kuyakataa. Watu wakamwita wakili wa shetani. Kazi hiyo ilidumu karibu miaka 400, mpaka Papa Yohane Paulo II alipougeuza utaratibu mwaka 1983. Yule padre hakuwa mwongo, wala hakuwa adui wa watakatifu. Alitumwa aseme lile ambalo mtu mwingine angelisema, ili lijibiwe kabla ya neno kukatwa. Hivyo ndivyo nilivyomjibu baba baadaye. Siku ile chumbani sikuwa na nafasi ya kuwaza mapapa.

Niliyemkumbuka ni jirani yetu. Kila msimu mtu huyu hubishana na baba uani kwetu, wakati mwingine mpaka taa izimwe. Tangu utoto nimemsikia akianza, na baba akimkatiza kabla hajamaliza. Basi nilikaa nikammalizia. Niliandika: napeleka kahawa kwenye chama leo, nasubiri mnada, nasubiri malipo, nasubiri makato. Katika kungoja huko, nani anailisha nyumba yangu? Mtoto akiugua usiku, je, zahanati yapokea stakabadhi ya ghala? Wanunuzi wakiwa watatu mlangoni, watashindana bei. Akiwa mmoja, nitamshindanisha na nani? Tena mali ni yangu. Mahindi nauza nitakako, kuku nauza nitakako. Kwa nini kahawa peke yake iwe na mlezi?

Nilisimama, nikasema kwa Kiingereza changu cha ubaoni. Dakika ya tatu yule dada akainua mkono. Nikampokea. Akaniuliza, "Na yule aliyeuza kahawa yake ikiwa bado maua, yeye alikuwa huru?" Hapo nilihisi jasho mgongoni, maana hilo ndilo neno la baba kabisa, kana kwamba amempigia simu. Nikajibu kwamba hakuwa huru, alikuwa na njaa. Lakini aliuza maua kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumkopesha. Ukimfukuza mnunuzi usimlete mkopeshaji, umeondoa magoma mchana, yatarudi usiku. Akaandika kitu. Sikuweza kuona ni nini.

Jibu lilikuja baada ya siku tatu, katika kundi la WhatsApp. Majina 12, langu halimo. Nililisoma mara mbili. Chini yake palikuwa na majina manne ya watunza saa: hawa watahudhuria mikutano yote, watafanya mazoezi na wenzao, na muhula wa pili watasailiwa upya kwa nafasi zitakazokuwa wazi. Langu lilikuwa la tatu. Nilikwenda kwa yule dada kuuliza nilipopungukiwa. Hakunificha. Alisema hoja zangu zilikuwa na watu ndani yake, lakini nilikimbia mno, hata dakika 7 nilizimaliza kwa 5, na mwamuzi hawezi kupima asichosikia. Kuhusu Kiingereza hakusema neno. Baadhi ya wenzangu waliokosa husema kwamba lugha ndiyo iliyowaangusha. Katika wale 12 namfahamu mmoja ambaye Kiingereza chake ni dhaifu kuliko changu, basi mimi siwezi kusema hivyo, ingawa najua lugha ile humchosha mtu wa kijijini kabla hajafika kwenye hoja.

Jioni nikampigia baba. "Shikamoo baba." "Marahaba. Umekula?" Nikamweleza yote, na hoja yenyewe, na upande niliopewa. Akataka nimwambie nilivyosema. Nikasema toka mwanzo, polepole safari hii. Nilipofika kwenye swali la nani anailisha nyumba wakati wa kungoja, hakunikatiza. Nilidhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hayo ni maneno ya jirani." Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza tena, halafu akaanza kunijibu: habari za malipo ya awali, habari za mizani iliyochezewa na wanunuzi wa zamani, habari za mnada. Alijibu mpaka salio lilipokwisha, na asubuhi akapiga mwenyewe kuendelea. Hajakubali hata moja. Bado asema mnunuzi binafsi akirudi kijijini yeye atahama. Lakini la kuilisha nyumba alilirukia mara mbili, na mara ya tatu akasema bodi inakutana Alhamisi, atauliza kama malipo ya awali yanaweza kutoka mapema zaidi.

Mama alichukua simu akauliza kama hicho chama huwapa watu chakula. Nikamwambia hapana, ni maji tu. Akasema basi nisikae sana.

Ile 5,000 nimelipa kutoka katika fedha za mkopo. Kazi yangu sasa ni kukaa mbele na saa. Nagonga meza dakika ya kwanza ikiisha, nagonga ya sita ikiisha, na ya saba nagonga mara mbili. Jumamosi iliyopita msemaji mmoja wa mwaka wa pili alipitisha muda, nikagonga, akaendelea, nikagonga tena, akakaa.