Deni la Giaboksi Moja

Wasee, leo hakuna video. Leo naandika, kwa sababu nina deni na sitaki kulilipa nikiwa nimevaa miwani ya jua na muziki ukipiga nyuma.

Mwaka jana niliweka video ya Prado yangu ya zamani, ile ya dizeli yenye giaboksi ya oto. Ilikuwa imevaa tairi za inchi 33, imeinuliwa springi, winchi mbele, taa nne za spoti kwenye bampa, tenti juu ya paa. Nikasema kwa ile sauti yangu ya kujiamini: hii giaboksi haina maneno, wewe vaa tairi uende. Watu wakaipenda. Video hiyo ndiyo ilinilipia rent miezi miwili.

Mwezi wa nne mwaka huu kijana mmoja wa Nakuru akaniandikia. Yeye na nduguye walichanga wakanunua gari kama yangu, wanabebea wageni. Wakavaa tairi kama nilivyosema. Giaboksi ikaungua na kazi ikasimama. Hakunitusi. Aliandika tu: "Buda, ulisahau kutuambia kuhusu joto."

Nilikaa siku tatu bila kumjibu. Kwa sababu sikuwa nimesahau. Joto hilo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, nikalikata kwenye video.

Ilikuwa hivi. Tulitoka Nairobi tukashuka Magadi, tukavuka hadi Nguruman, tukaanza kupanda ile njia ya mawe ya kwenda Loita. Mchana, jua la huko mnalijua. Gari inapanda jiwe moja baada ya jingine, mwendo wa mtu anayetembea, mimi nimekanyaga mafuta nikiwa kwenye gia za kawaida kwa sababu injini ikinguruma video inanoga. Katikati ya mlima taa ikawaka kwenye dashibodi: A/T OIL TEMP. Mshale wa maji ya injini ulikuwa umetulia pale pale katikati. Nikasema labda ni waya. Nikazima injini, tukanywa soda, taa ikapotea, tukaendelea. Jioni nikihariri, nikatoa kipande hicho.

Sasa wacha niseme nilichopaswa kusema siku ile.

Gari ya oto haina klachi ya kukanyaga kati ya injini na giaboksi. Ina kitu mafundi wanakiita konvata. Fikiria feni mbili zinazotazamana ndani ya chungu kilichojaa oili. Ya kwanza inazungushwa na injini, inasukuma oili, na oili inazungusha ya pili inayoenda kwa giaboksi. Ukishika mwendo barabarani, kuna klachi ya ndani inayozifunga zote mbili zikazunguka pamoja. Lakini ukipanda mawe polepole, hazijafungwa. Feni ya injini inakimbia, ya pili inajivuta. Ile nguvu isiyofika kwa magurudumu haipotei. Inageuka joto, na joto lote linaingia kwenye oili.

Tairi kubwa zinaongeza hiyo shida. Tairi za kiwandani za gari yangu, 265/70 za rimu 16, zina kimo cha karibu inchi 30.6. Ukiweka 33 umeongeza takriban asilimia 8. Ni kama mtu amekuja usiku akafanya kila gia yako kuwa nzito kwa asilimia hiyo. Ongeza uzito wa winchi, bampa ya chuma na tenti. Konvata inateleza zaidi, klachi yake ya ndani inachelewa kufunga, oili inachemka.

Na hiyo taa? Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo inangoja mpaka oili ifike karibu nyuzi 150. Oili ya giaboksi inapenda kuwa kwenye 80 au 90. Ikizidi 120 inaanza kuharibika, na kila ukipanda, maisha yake yanakatika haraka zaidi. Kwa hivyo taa ikiwaka, si onyo tena. Ni taarifa ya msiba.

Hata kuzima injini nilikosea. Injini ikizimwa, pampu ya giaboksi inasimama, oili moto inabaki imekaa pale pale. Unatakiwa usimame, uweke P, uache injini iunguruma polepole ili oili izunguke hadi kwenye rejeta na feni ipulize.

Nilisoma uhandisi wa mitambo mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanishinda. Somo la joto lilikuwa semesta iliyofuata. Lakini sitajificha nyuma ya hiyo. Mzee anayenitengenezea gari hakumaliza shule ya msingi, na mambo haya anayajua kama njia ya kwake.

Baada ya ule ujumbe nilimpelekea Prado. Alivuta kijiti cha kupimia oili, akanusa, akanipa nami ninuse. Maharagwe yaliyoungua. Rangi iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa kahawia. Akaimwaga, akaweka mpya, akaniambia nitembee wiki moja nirudi, kwa sababu ukifungua nati ya chini haitoki hata nusu, nyingine imebaki ndani ya konvata. Tulifanya hivyo mara tatu.

Kisha nikafanya nilichojua: nikanunua. Rejeta ndogo ya oili, ya sahani, kubwa kuliko niliyohitaji. Tukaifunga mbele, oili ipite kwanza kwenye rejeta kuu halafu iingie hii ndogo kabla ya kurudi kwenye giaboksi. Na tukaweka geji, kihisio chake kwenye paipu inayotoka kwenye giaboksi, pale oili inapotoka ikiwa moto zaidi. Nikaona nimemaliza. Nikaenda kujaribu kwenye mlima wa mawe na mchanga huko Kajiado. Geji ikapanda: 100, 110, 120, 126. Nikageuza.

Nilirudi gereji na hasira. "Mzee, hiyo rejeta ni feki."

Hakujibu. Alichukua kile kipima joto cha kuelekeza kama bastola, tukaenda kupasha gari moto, akapima paipu inayoingia kwenye rejeta ndogo na inayotoka. Inaingia 118, inatoka 111. Akaniangalia. "Kijana, umenunua ndoo kubwa, na mtoni hakuna maji."

Maji aliyosema ni upepo. Winchi ilikuwa imeziba nusu ya grili. Taa nne za spoti zikaziba nyingi ya iliyobaki. Tukatoa grili. Kati ya kondensa ya AC na rejeta kuu kulikuwa na mkeka mzima wa mbegu za nyasi na udongo mweusi uliokauka. Halafu akazungusha feni ya injini kwa mkono, injini ikiwa imezimwa lakini bado moto. Ilipaswa kuwa nzito. Ilizunguka kama ya mtoto ya karatasi. Ile oili ya silikoni ndani ya klachi ya feni ilikuwa imeisha nguvu.

Kwa hivyo dawa haikuwa kuongeza kitu. Taa za spoti tukazitoa, mbili zikapanda kwenye paa, mbili nikauza. Rejeta tukaziosha kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji ya nguvu ya kiasi ili mapezi yasilale. Klachi ya feni ikapata oili mpya ya silikoni. Rejeta kuu, kwa kuwa ilikuwa ya umri wa gari, nikabadilisha. Mle ndani oili ya giaboksi na maji ya injini zinatenganishwa na chuma chembamba tu. Kikioza, oili inakuwa kama yogati ya stroberi, na hapo giaboksi umeaga.

Cha mwisho hakikugharimu hata shilingi. Nilijifunza kuendesha. Kwenye mawe sasa naweka gia nzito, 4L, ambayo inazidisha nguvu takriban mara 2.5. Injini inazunguka vizuri, gari inaenda pole, konvata haitelezi sana. Si kwenye lami, tafadhali, kwa sababu pale ekseli zote zinafungwa pamoja na utavunja kingine. Kwenye lami, ile ya kupanda kutoka Magadi hadi Kona Baridi, nazima O/D na kutulia.

Mwezi uliopita nilirudi Nguruman. Mlima ule ule, mchana ule ule wa kuchoma. Geji ilifika 109 pale pabaya kabisa. Nikasimama, nikaweka P, injini inaunguruma, ikashuka hadi 94 tukiwa bado tunatafuta kivuli.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wenzangu watanuna. Sisi tunaotengeneza video za magari tunauza vinavyoonekana. Tairi inaonekana. Winchi inaonekana. Joto halionekani, kwa hivyo halina mdhamini. Geji ilinigharimu chini ya tairi moja, na hakuna aliyewahi kunitumia pesa nimwonyeshe geji. Lakini mtu anayetazama kule Nakuru hanunui video. Ananunua gari, kwa pesa ya nduguye.

Nilimpigia simu hatimaye. Nimekubaliana naye nitachangia kazi ya fundi kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Haitoshi, na yeye anajua haitoshi. Aliniomba kitu kimoja tu.

Kwa hivyo video ile sijaifuta. Nimeirudisha na kipande nilichokikata. Ni sekunde 11. Mawe ni yale yale, kelele ni ile ile, na mimi nacheka. Ukiitazama, usinitazame mimi. Tazama dashibodi.