Kutoka Kiserian Hata Majabali ya Lukenya

Msomaji apandaye gari Nairobi na kushika barabara ya Magadi hupita Ongata Rongai, kisha huingia Kiserian. Mji huu umekaa chini ya vilima vya Ngong, na ndani ya jina lake limo neno la Kimaasai, serian, ambalo maana yake ni amani. Kilele kirefu cha vilima hivyo kina mita 2,460 hivi juu ya bahari, na siku za mapumziko watu wengi huenda kutembea huko. Lakini huko mtu hupanda kwa miguu tu, juu ya udongo na nyasi. Atakaye kujifunza kupanda mwamba mtupu kwa mikono na miguu, huku amefungwa kamba kiunoni, hana budi kusafiri kidogo mpaka Lukenya, ng'ambo ya Mto Athi.

Safari yenyewe ni fupi, tena ina mafunzo. Jumamosi moja asubuhi tuliondoka watu wanne, makarani wawili na wakulima wawili, tukashika barabara ya kwenda Isinya. Hizo ni mbuga za Wamaasai. Zamani ng'ombe walikwenda humo bila kizuizi, na leo nyua za waya na vibao vya kuuza viwanja vimejaa kando ya njia. Isinya tuliingia katika barabara kuu itokayo Namanga, tukapita Kisaju na mji mkubwa wa Kitengela, tukatokea Athi River penye viwanda vya saruji. Hapo ukifuata barabara ya Mombasa hukawii kuona kilima kirefu chenye majabali ya rangi ya kijivu. Hicho ndicho Lukenya, nacho kimo katika nchi ya Ukambani.

Labda msomaji atauliza, kwa nini mtu wa Kiserian auache mlima ulio mlangoni pake? Jibu limo katika jiwe. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano ya kale. Lakini jiwe la Lukenya ni lile liitwalo naisi, lililopikwa kwa joto na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ni jiwe gumu, lenye kukwaruza kama msasa, na lina nyufa nyingi zinazofaa kwa kazi hii. Kwa sababu hiyo chama cha wapanda milima kiitwacho Mountain Club of Kenya, kilichokuwapo tangu kabla ya Uhuru, kimefundishia wanagenzi hapo kwa miaka mingi.

Njia tuliyopanda ni ya daraja iitwayo kwa Kiingereza "Ngumu". Msomaji asishtuke. Mwaka 1897 mwalimu mmoja aitwaye Owen Glynne Jones alitoa kitabu juu ya miamba ya kaskazini ya Uingereza, akazigawa njia zake katika madaraja manne: nyepesi, ya kadiri, ngumu, na kali kupita kiasi. Tangu siku hizo watu wamezidi kuwa hodari na vyombo vimezidi kuwa vizuri, wakaongeza madaraja mengi juu ya yale ya kwanza. Basi kilichokuwa kigumu kwa babu kimekuwa darasa la kwanza kwa mjukuu, ila jina halikubadilishwa.

Sasa nieleze namna ya kupanda kwa desturi ya zamani. Katika namna hii hakuna misumari iliyopigwa mwambani kabla. Mtangulizi hupanda kwanza, amefunga kamba katika mkanda wa kiuno na mapaja. Kila baada ya hatua chache huingiza kipande cha chuma katika ufa, akakivuta kwa nguvu kuona kama kimekwama barabara, kisha akapitisha kamba yake katika pete ya chuma iliyoning'inia hapo. Chini yuko mwenzake, ambaye huilegeza kamba hiyo kwa kadiri, tayari kuibana mara moja. Mtangulizi akifika juu hujifunga kwenye mwamba, na sasa yeye ndiye ashikaye kamba. Mfuasi hupanda akiving'oa vile vyuma kimoja kimoja, hata nyuma yao haubaki msumari wala tundu.

Hesabu yake ni rahisi. Mtangulizi aliye mita 2 juu ya chuma chake cha mwisho akiteleza, ataanguka mita 4, na zaidi kidogo kwa kuwa kamba huvutika. Kamba za siku hizi ni za nailoni, nazo huvutika makusudi ili zisimkate mtu kiuno. Zile za zamani zilisokotwa kwa nyuzi za mimea, na nyingine zilikatika.

Aliyetutangulia sisi alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Nakiri kwamba wazee wawili kati yetu walitazamana. Lakini yeye alikagua mafundo yetu moja moja, akatuvika kofia ngumu, akasema, "Kaka zangu, nisikilizeni vizuri. Njia hii ni nyepesi kupanda, lakini si nyepesi kuanguka." Akatuonyesha kwamba jabali lililo wima kabisa humwacha mtu aning'inie hewani, bali njia nyepesi ina vidato vipana kama ngazi. Kidato kilekile kisaidiacho mguu wa apandaye ndicho kivunjacho mguu wa aangukaye. Kwa hiyo kwenye wepesi ndiko kutakiwako uangalifu zaidi. Alituonya pia juu ya nyuki, ambao hupenda kukaa katika nyufa za miamba, na kutukataza kelele zisizo na maana.

Mwenzangu mmoja, mkulima mwenye mikono ya chuma, alipofika kama mita 15 juu alikwama. Magoti yalimtetemeka, akapaaza sauti, "Dada, nivute!" Binti yule hakumvuta. Aliikaza tu kamba mpaka mwenzetu akausikia uzito wake kiunoni, kisha akajibu kwa upole, "Nimekushika, kaka. Hutaanguka. Acha kutazama mikono, tazama miguu yako." Kukawa kimya kwa muda mrefu. Kisha tuliuona mguu wa kulia ukitafuta, ukapata kidato kidogo kisichozidi upana wa vidole viwili, ukasimama juu yake. Baada ya hapo alipanda bila kusita mpaka juu, akaketi, asiseme neno kwa dakika kadhaa. Tangu saa ile sote tulimwita binti yule "mwalimu", wala hakuna aliyetuamuru.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Hao nawakumbusha kwamba Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera ya Kenya juu ya kilele cha Lenana, mita 4,985, Desemba 1963, alikuwa mtoto wa Ukambani kuliko na kilima hiki. Tena wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta katika mapango ya Lukenya zana za mawe, na mfupa wa paji la uso wa mtu aliyeishi yapata miaka 20,000 iliyopita. Watu wamekaa chini ya majabali haya tangu zamani sana, wakiyatazama na bila shaka wakiyapanda.

Atakaye kwenda na asiende peke yake, wala asinunue kamba sokoni akajifundisha. Na atafute chama au mwalimu ajuaye, aombe ruhusa panapohitajika, afike asubuhi kabla jua halijaunguza jiwe, na achukue maji ya kutosha. Mwenda pole hajikwai. Na ajue tangu mwanzo kwamba kamba haimpandishi mtu. Kazi yake ni kumzuia asife wakati anapojifunza kusimama juu ya miguu yake mwenyewe, na upande wa pili wa kamba hiyo yuko mtu mwingine, macho wazi, asiyeiachia.