Karo zinazong'aa na bidoni ya maji

Bukavu, Kivu ya Kusini. Kila asubuhi, kabla jua halijatoka, akina mama wanapanga bidoni zao kwenye robine ya watu wote, katika mtaa mmoja wa Kadutu. Wengine ni wenyeji, wengine walifika mjini na watoto wao wakikimbia vita vijijini. Zamani pale palikuwa matope matupu. Kisha mfadhili mmoja akaweka karo nyeupe zinazong'aa. Siku ya kufungua kulikuwa na jua, watu wakapiga picha.

Septemba ikaleta mvua. Mama mmoja aliyehamishwa na vita alitoka robineni na bidoni ya litri 20 mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, mkono mmoja umemshika mtoto. Kandambili zake ziliteleza. Mtoto hakuumia, lakini mkono wa mama ulivunjika. Kwa wiki nyingi hakuweza kufua nguo za watu, kazi iliyokuwa inalisha nyumba yake.

Jirani yake, mzee ambaye naye alikimbia kijiji chake, alikuja kumpa pole. Kule alichoma matofali maisha yake yote.

"Papa, kumbe karo ni kitu kibaya?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Karo ni udongo uliochomwa, sawa na tofali. Ila hizi wamezipaka ngozi ya kioo. Ni za ndani ya nyumba."

Mzee alieleza kwamba maji yakikaa juu ya ngozi ile, mguu hauna pa kushika. Tofali lisilopakwa kitu lina uso wa kukwaruza, na mguu unalishika hata mvua ikinyesha. Lakini si kila tofali linafaa kukanyagwa. Katika tanuru la kijijini, yale yaliyokaa karibu na moto yanakuwa magumu, ya pembeni yanabaki laini na mvua inayarudisha kuwa udongo. Ukigonga mawili pamoja, mazuri yanalia kama chuma. Mabovu yanatoa sauti ya kufa.

Kuyapanga nako kuna kanuni. Chini ni mawe yaliyoshindiliwa, juu yake mchanga, kisha matofali yanasimamishwa kwa ubavu, yakipishana kama mifupa ya samaki ili yashikane. Pembeni panawekwa ukingo imara. Kila mita moja, sakafu inashuka kama sentimita 2, ili maji yaende mferejini badala ya kutuama. Katikati ya matofali hujazwa mchanga, si simenti. Bomba likipasuka chini, unayang'oa, unatengeneza, unayarudisha yaleyale.

Ufundi huu si mgeni Afrika. Katika mji wa Ile-Ife, Nigeria, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, watu walitandika nyua na njia kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakivisimamisha kwa ubavu katika mistari ya mifupa ya samaki. Baadhi ya sakafu hizo zinaonekana hadi leo. Hawakuhitaji kitu cha kung'aa.

Mzee hakuficha ubaya wa kazi yake. Tanuru linakula kuni nyingi, na milima yetu tayari inaporomoka kwa kukosa miti. Kwa hiyo tofali la kuchomwa liwekwe pale penye faida kubwa: robineni, kwenye ngazi za soko, mlangoni mwa kituo cha afya. Na mahali penye kivuli lisuguliwe kwa burashi ngumu, maana likiota ukoka wa kijani nalo linateleza.

Kamati ya mtaa ilimsikiliza. Watu walichanga matofali, vijana wakang'oa karo kuzunguka robine, mzee akikaa kwenye kiti na kuonyesha kwa fimbo. Kazi ilichukua siku nne.

Mvua iliponyesha tena, mama yule alirudi na bidoni yake. Mkono ulikuwa umepona. Alijaribu kwanza kwa mguu mmoja, akasimama kidogo, akaweka wa pili. Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu, wala hakuna aliyemharakisha.

Wanaojenga mahali pa watu wengi wangefanya vizuri kupapima hivyo: siku ya mvua, na mzigo mgongoni.