Tembo wa Tabora

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Ofisi ya mjini imefungwa, nami niko nyumbani Mungaa tangu jana jioni. Upepo wa kipupwe umevuma kutwa. Mama anaufurahia kwa sababu anapepeta mtama.

Mtoto wa kaka amekuja na sarafu ya Kichina, ile ya panda. Anasema dereva mwenzake kule kwenye ujenzi wa reli alimlipa deni kwayo, akamwapia kwamba ni adimu, hupati nyingine nchi nzima. Ameshapiga hesabu ya mabati. "Shangazi, iangalie vizuri," akarudia mara tatu.

Nimeiangalia vizuri. Mizani imesoma gramu 8.00. Kalipa imesoma milimita 22. Nikaweka glasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikapanda 0.41. Gawanya 8 kwa 0.41, unapata kumi na tisa na nusu. Dhahabu safi ni 19.3, na mizani yangu ya mfukoni haiwezi kukaribia zaidi ya hapo. Mwenyewe akapiga makofi. Nikamwambia angoje, maana tangsteni ni 19.25 na maji hayawezi kuitofautisha na dhahabu. Nikaisimamisha sarafu kwenye ncha ya kidole, nikaigonga kwa kalamu. Ililia muda mrefu, sauti nyembamba, safi. Tangsteni ikiwa ndani, sauti inakatika. Hii ni dhahabu.

Lakini adimu? Ilibidi nimweleze polepole, kwa kuwa nilimwona anaumia. China ilianza kutoa panda hizi mwaka 1982, na zile za kwanza hazikuandikwa hata thamani ya yuan. Picha ya panda hubadilishwa kila mwaka, isipokuwa 2002 waliporudia ya 2001, na hilo ndilo linalowafanya watu wazikusanye mwaka kwa mwaka. Mwaka 2016 waliacha aunsi wakahamia gramu, ndiyo maana yake ina gramu nane kamili na imeandikwa yuan 100. Ya kwake ni ya 2018. Za miaka hii hutolewa kwa laki. Anayeinunua ananunua dhahabu, na akiongeza kidogo, anaongeza kwa sababu sarafu haijaguswa. Yake imekaa mfukoni pamoja na funguo za lori. Uso wa panda una mikwaruzo kama ubao wa kukatia mboga.

"Kwa hiyo ni ya uongo?"

Ni ya kweli, baba. Ni ya kweli na ziko nyingi. Ameondoka na bei halisi ya gramu nane mkononi, ambayo ni pesa nzuri, lakini ameondoka kama aliyeibiwa.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa, bibi (dada yake marehemu bibi yangu) alinishika mkono akaniambia nipite kwake. Habari za panda zimemfikia. Akafunga mlango, akatoa kopo la Africafe, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa sarafu moja.

Niliijua kabla hajamaliza kuifunua. Tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima, chini 1916 na herufi T.

Bibi anataka kuiuza. Mjukuu wake wa kike amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada haijatimia. Anasema baba yake aliipata kwa mwenye duka Mhindi, Singida, alipouza fahali wawili. Mwingine angesema ni mshahara wa askari wa Mjerumani, kwa kuwa hadithi hiyo ni tamu zaidi. Yeye kasema fahali wawili, nami namwamini.

Nilimwomba aniachie siku chache. Akanitazama, akanipa pamoja na kitambaa chake.

Usiku huohuo

Sijalala. Naandika jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza kazi kwa sonara mmoja. Mzee mmoja kutoka kijijini akaja na sarafu kama hii. Sonara akaisugua kwenye jiwe, akadondosha asidi, akasema "kumi na nane", yaani kereti. Akaipima, akamlipa mzee kwa gramu. Hakumdhulumu kwa mizani. Kisha akanipa mimi moto.

Nilidhani picha itafifia kidogo kidogo. Haikuwa hivyo. Sarafu ilibadilika rangi, ikawa nyekundu, na tembo yupo palepale, mkonga juu, kila mkunjo wa sikio unaonekana kuliko mwanzo. Yupo, yupo. Halafu kwa ghafla uso wote ukalegea, ukang'aa kama maji, ukajikusanya kuwa tone. Tulitengeneza pete ya arusi. Nilisifiwa kwa kushika moto vizuri.

Miaka kadhaa baadaye niliiona picha ya sarafu ile katika katalogi ya sarafu za dunia niliyonunua kwa muuza vitabu chakavu Dar es Salaam. Pale pameandikwa idadi iliyotengenezwa: 16,198. Tangu siku ile, nikiiona namba hiyo natoa moja.

Jumanne, 15 Julai

Niandike ninayoyajua, ili nikimweleza bibi nisiyumbe.

Wakati wa vita ya kwanza Waingereza waliziba bahari, na fedha kutoka Ujerumani haikufika tena. Koloni likakauka sarafu. Wajerumani wakaanza kujitengenezea wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Za kawaida zilikuwa heli tano na heli ishirini, za shaba na shaba nyeupe, chafuchafu, zilizopigwa haraka. Za dhahabu zilikuwa hizi, rupia 15, sawa na marki 20. Muhuri wa tembo ulichongwa na sonara kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha. Miezi michache tu ya mwaka mmoja.

Na dhahabu ilitoka Sekenke. Hapa ndipo moyo wangu unapogota. Sekenke ni Iramba, mkoa wetu huuhuu wa Singida. Kila ninapopanda basi la Nzega napita mlima ule, abiria wamelala, breki zinanuka, nami nageuza shingo kutazama. Dhahabu ilichimbwa pale kwa mikono ya watu wetu, ikapelekwa Tabora ikawekwa tembo, na kipande kimoja kikarudi hadi Mungaa kwa bei ya fahali wawili. Leo vijana wanachimba Sambaru na Londoni, mwendo mfupi kutoka hapa, na ninachopimia sarafu ya bibi ni mizani ileile ninayopimia pointi zao za dhahabu.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeipima mchana, dirishani, kwenye mwanga wa jua.

Gramu 7.14. Ikitoka kiwandani ni 7.168, kwa hiyo imelika kidogo, kama inavyostahili kwa umri wake. Milimita 22. Nimeiweka juu ya panda ya mtoto wa kaka (bado hajaiuza) zikafunikana kabisa. Kwenye maji imepandisha 0.47, yaani karibu 15, na hivyo ndivyo dhahabu ya 750 inavyotakiwa. Shaba nyeupe iliyopakwa dhahabu ingekuwa nane na kitu. Kwa hii maji yanatosha. Hakuna anayeweza kuficha tangsteni humo bila uzito kuzidi.

Kisha lenzi. Nakala za sarafu hii zinauzwa nyingi, na nyingi ni nadhifu kupita kiasi. Hii siyo nadhifu. Ukingo wake haulingani, upande mmoja umenenepa. Chini ya tai kuna pambo la majani, na watu wa fani hutazama ncha yake ya kulia inaishia chini ya herufi gani katika neno OSTAFRIKA, T au A, kwa sababu mihuri ilikuwa miwili. Hii inaishia chini ya T. Shavu la tembo limelika, sikio limebaki, kifua cha tai kimelika. Mikunjo ya mkonga naweza kuihesabu.

Ila kuna makosa mawili. La kwanza, imesuguliwa. Majivu na ndimu, nadhani, miaka mingi iliyopita. Ngozi yake ya kale haipo, inang'aa mng'ao wa sufuria. La pili ni kubwa zaidi: juu ya mgongo wa tembo, ukingoni, pana alama ya lehemu. Iliwahi kuwekewa kipete cha kuning'inizia. Mnunuzi ataiona kabla hajamwona tembo.

Sasa hesabu. Ndani yake mna dhahabu safi gramu 5.36 hivi. Panda ina nane. Kwenye soko la madini panda inaishinda kwa karibu nusu nzima. Kwa mkusanyaji, tembo hata akiwa na kovu lake anaizidi panda mara kadhaa. Uchache peke yake hauelezi hilo. Kule Kajengwa, Makunduchi, mwaka 1945 walichimbua sarafu nyingi za Kichina, za shaba, zenye tundu la mraba, nyingi za enzi ya Song. Na mwaka 2013 moja ya mfalme Yongle iliokotwa kisiwani Manda. Sarafu kama hizo China ni za kumwaga, mtu ananunua kwa bei ya soda. Ya Manda haina bei kwa sababu ya ardhi iliyoitoa. Na dhahabu ya sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, zinajulikana tatu tu. Tatu hazifanyi hata soko. Nani atamuuzia nani? Bei inataka chache za kutamanika, nyingi za kutosha watu kuzijua na kuzigombania, na kila moja iweze kusema imetoka wapi. Tembo wa Tabora anayo yote matatu.

Jumamosi, 26 Julai

Broka mmoja wa machimboni amefika kwa bibi mwenyewe, na mizani. Sijui nani alimwambia. Nilimkuta ameshakaa, chai mezani. Akasema tembo hauziki, kinachouzika ni gramu, na tena ni kereti kumi na nane, atakata. Bei aliyotaja haikuwa ya wizi. Ilikuwa ileile ambayo mimi ningeitaja kwenye kiti changu cha ofisini, siku yoyote, kwa mkufu uliokatika.

Bibi akanigeukia. "Wewe unasemaje, mjukuu wangu?"

Nikamwambia mbele ya mgeni kwamba sarafu hii isiyeyushwe. Nikamweleza Sekenke, Tabora, na idadi. Nikamweleza na ya 2009, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Broka alinywa chai yake ikaisha, akasema basi, akaaga kwa heshima. Bibi alikaa kimya muda mrefu.

"Yule mzee aliyeleta," akauliza, "mlimwambia?"

Hatukumwambia. Hatukujua cha kumwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Chuo kimekubali ada ilipwe kwa awamu. Mjomba na mimi tumeilipa ya kwanza. Bibi atatulipa sarafu ikiuzwa, amesisitiza hivyo, na sitabishana naye.

Nilipeleka picha kwa nyumba mbili za mnada huko Ujerumani, ambako sarafu hizi zinaulizwa zaidi. Moja imejibu. Wanataka picha ya ukingo, karibu, na maelezo ya kovu. Mtoto wa kaka alikuja na tupa ndogo, akasema tulisawazishe kabla hawajaliona. Nimemnyang'anya. Kovu likipigwa tupa linakuwa mawili, na la pili ni la uongo.

Nikamuuliza bibi nani aliweka kipete. Akacheka, akashika shingo yake. Baba yake alimpeleka kwa sonara wiki ya arusi, akaivaa siku tatu mchana na usiku, kisha mama mkwe akamwambia aifiche kabla haijaleta wezi. Kipete alikitoa mumewe kwa koleo la baiskeli.

Nimepiga picha ya ukingo dirishani. Kwenye karatasi ya maelezo nimeandika: gramu 7.14, milimita 22, ncha chini ya T, imesafishwa zamani, alama ya lehemu ukingoni, juu ya mgongo wa tembo, ya arusi, Mungaa, 1958.