Tuanze Kupaka Ndani

Miongoni mwa kazi za mikono zinazonivutia ni vile vindege vidogo vya injini vinavyorushwa kwa nyaya mbili. Mrushaji husimama katikati, kindege kikamzunguka. Jim Walker wa Marekani alivieneza sana miaka ya 1940.

Tangi lake lina hekima. Kindege kinapozunguka, mafuta husukumwa upande wa nje wa duara. Kwa hiyo mrija wa kunyonyea hufikishwa kona ya nje, nyuma ya tangi. La sivyo injini huzimika na mafuta yangalimo.

Mafuta hayo ni methanoli, mara nyingi iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Methanoli huharibu rangi nyingi za kawaida, na nyonyo hupenya ubao mwepesi wa balsa. Ndiyo maana hupakwa rangi ngumu kama ya epoksi. Lakini fundi hodari huanza ndani, kwenye chumba cha tangi na nyuma ya injini, pasipoonwa na mtazamaji. Mbawa zaweza kung'aa, kumbe ndani ubao unalowa, gundi inaachia, na injini inalegea.

Hapo huikumbuka swala. Kanzu nyeupe na kisomo kizuri mbele ya mwalimu ni rangi ya nje. Je, Alfajiri ya nyumbani, asipokuwepo wa kukuamsha? Ihsani ni kumuabudu Allah kama unayemwona, ukijua kwamba Yeye anakuona. Basi tuanze kupaka ndani.