Krismasi Juu ya Maji: Kutoka Matungu Hadi Mfangano

SISI watu wa Matungu si watu wa mashua. Mto Nzoia tunao, tena mkubwa, lakini kwetu mto ni kitu cha kuvuka, si kitu cha kusafiria. Unaupita darajani ukienda Mumias sokoni, ama unavushwa kwa mtumbwi na kijana hodari, na ukishafika ng'ambo unausahau. Ndiyo maana nilipowaambia majirani kwamba mimi na mke wangu tungeila Krismasi ya mwaka wa 2022 ziwani, mzee mmoja aliniuliza kama nilikuwa nimekosana na mtu nyumbani.

Sikuwa nimekosana na mtu. Nilikuwa namfuata mama mkwe.

Mke wangu ni Mnyala, mzaliwa wa Budalang'i, kule chini ambako Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria baada ya mwendo wa kilomita 257. Huko ni tambarare tupu. Matuta ya udongo yalijengwa kando ya mto ili kuyazuia maji, na maji yameyabomoa mara nyingi. Mwaka wa 2003 yalibomoa. Mwaka wa 2007 yakabomoa tena. Kila mara mama mkwe alihamia kambini, akarudi, akakandika nyumba upya, na sisi tukatuma mabati. Lakini mwaka wa 2020 mto ulifurika na ziwa nalo likapanda hadi likaipita hata rekodi ya 1964. Maji yakaja kutoka pande mbili, na safari hiyo hapakubaki ukuta wa kukandika. Kitindamimba wake, ambaye ni mvuvi, akampakia katika mashua akampeleka Kisiwa cha Mageta anakofanyia kazi.

"Amekimbia maji akaenda kukaa katikati ya maji!" mke wangu alilia.

Tulikuwa tumemjengea chumba Matungu, chenye sakafu ya simiti na dirisha la kioo. Mara tatu tulimwita kwa simu na mara tatu akasema atafikiria. Basi tukaona afadhali twende wenyewe, kwa kuwa simu humpa mtu nafasi ya kukwepa.

Tuliondoka alfajiri ya tarehe 22 Desemba tukiwa na jogoo wawili, sukari nguru iliyofungwa kwa majani ya migomba, na mkungu wa ndizi ambao kondakta aliutoza nauli kama mtu mzima. Kutoka Mumias tulibadilisha matatu hadi Bumala, kisha tukateremka kuelekea Budalang'i na Port Victoria. Nilimkumbusha mwenzangu kwamba Desemba ya 1883 Mskoti Joseph Thomson alitoka huku huku kwetu, kwa Nabongo Mumia, akatembea kwa miguu hadi ufukoni mwa ziwa hili. Akanijibu kwamba huyo hakuwa na mkungu wa ndizi magotini.

Kabla ya Port Victoria alinyamaza. Nje ya dirisha kulikuwa na mahali ambapo zamani palikuwa na njia ya kwenda kwao. Sasa palikuwa na mafunjo, na ndege weupe, na nguzo mbili za mlango zilizosimama peke yake majini. Hakunionyesha kwa kidole.

Shemeji alitungoja ufukoni. Mashua yake ni ya mbao, ndefu kama futi 30, yenye injini ya nguvu za farasi 15 na maneno "Mungu Yupo" yaliyoandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Nilitaka kuondoka saa ile ile, jua likiwa kali na maji yakimetameta. Akacheka. Ziwa, alinieleza, lina pumzi mbili. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na alfajiri maji hutulia kama uji uliopoa. Jua likishaikanza nchi, upepo hugeuka ukatoka ziwani kuja pwani, na alasiri mawimbi huinuka na pengine dhoruba. Mwenye haraka huondoka mchana, akasema, na wengine hatujawaona tena. Tukalala Port Victoria.

Lazima niseme ukweli kuhusu jaketi za kujiokolea. Shemeji alikuwa nazo mbili tu, tena amezikalia kama mito. Mimi ni katika watu wanaokumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Redio yetu ilishinda ikisoma habari hizo wiki nzima. Nikakataa kupanda. Akaguna, akaenda kuazima nyingine tatu kwa wenzake. Msomaji ukifika ziwani, usione haya kufanya nilivyofanya.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulisukuma. Wavuvi wa omena walikuwa wakirejea na taa zao bado zinawaka, kwa maana omena huvuliwa gizani, taa zikiwavuta juu ya maji. Tulishika kusini, ukingo wa nchi upande wa kushoto. Haukupita muda nikaona maji yamegawanyika: huku ya kijani kibichi, kule ya rangi ya chai ya maziwa, na mstari kati yake umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Magugumaji yalielea, na kisiki kizima cha mti.

"Nzoia yenu hiyo, shemeji," alisema na kupunguza mwendo.

Nilitazama kwa muda. Udongo ule ulikuwa umetoka mashambani Trans Nzoia, Webuye, Mumias, na bila shaka kwetu Matungu. Nakumbuka mwaka tulipong'oa miwa hadi ukingoni mwa mto kwa sababu malipo yalikuwa yakichelewa, miaka michache kabla kiwanda cha Mumias, kilichoanza kazi 1973, hakijawekwa chini ya mrasimu mnamo 2019. Tulipanda mahindi mahali pa miwa, na mvua ya kwanza ikaufagia udongo wote. Tulilalamikia mbolea iliyopotea. Hatukujiuliza udongo umekwenda wapi.

Mageta tulifika baada ya saa tatu hivi. Ni kisiwa chenye historia ngumu, kwani katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikigeuza kuwa kambi ya kuwafungia watu wa Mau Mau waliotolewa mbali kabisa na ziwa. Leo ni samaki, maduka ya mabati, na muziki usiozimwa. Mama mkwe alikuwa amesimama ufukoni, kanga mbili, mikono nyuma.

Hapa wasomaji wa mjini yafaa nieleze jambo. Kwetu Waluhya mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawaketi pamoja, na mkwe halali katika nyumba yake. Tuliamkiana "Mulembe" kwa umbali wa hatua kumi, mimi nikitazama mashua na yeye akitazama mlima. Nikapelekwa kulala kwa jirani. Mambo yote yalisemwa kupitia kwa mke wangu, aliyekwenda na kurudi kama tarishi. Jibu la kwanza lililoletwa lilikuwa hili: hawezi kusema lolote kabla hajaonana na rafiki yake wa ujana aliyeolewa Mfangano. Hawakuwa wameonana miaka kumi na minane.

Mfangano iko kusini, mwendo mwingine wa saa nne, na mashua ilikuwa moja. Mkwe na mama mkwe wataketije katika mashua moja? Shemeji ndiye aliyeamua kama hakimu: mama mbele kabisa, akipewa kisogo, mimi nyuma kabisa karibu na injini, katikati mke wangu, jogoo mmoja aliyesalia, na galani za petroli. Tulikwenda hivyo, na Got Ramogi, mlima ambao Wajaluo husimulia kwamba ndiko mababu zao walikotua, ukitusindikiza upande wa mashariki. Kwenye mdomo wa Ghuba ya Winam upepo uligeuka mapema kuliko tulivyotarajia. Mawimbi yakaanza kuingia. Nilikamata kopo nikachota maji, nikachota, hata nilipoinua macho nikamwona mama mkwe naye ameinama mbele akichota kwa sufuria, na kwa mara ya kwanza tunatazamana uso kwa uso. Hakuna aliyesema mila.

Mfangano ni mlima uliosimama majini, nyumbani kwa Wasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo. Krismasi ilikuwa kanisani, kisha ngege wa kuchoma, kisha vijana wakatupandisha kwenye mwamba wenye michoro ya kale, miviringo myekundu na myeupe ambayo husemekana ilichorwa na Watwa. Mimi niliipenda. Lakini nilichokumbuka zaidi ni vikongwe wawili chini ya mwembe, wakizungumza tangu adhuhuri hadi taa zilipowashwa, wakicheka na kupigana mabega. Mke wangu alisogea mara mbili asikie, na mara mbili akafukuzwa.

Kesho yake jibu likaletwa. Atakuja Matungu, lakini si kuhamia. Anakuja kuuona mto.

Tuliagana na shemeji Mbita, tukavuka kwa feri hadi Luanda K'Otieno pamoja na malori, mbuzi na wanafunzi waliokuwa wakirudi kutoka likizoni, kisha tukapanda magari kupitia Siaya. Jioni, kwenye daraja la Nzoia baada ya kutoka Mumias, mama mkwe alimwambia dereva asimame. Abiria walinung'unika. Akashuka, akashika chuma cha daraja. Mto ulikuwa chini sana, kahawia, umetulia kati ya kingo zake ndefu, watoto wakifua nguo mawe yanakoonekana.

"Mkwe," akaniita mwenyewe, bila tarishi, "huu ukijaa hapa kwenu hufika wapi?"

Nikamwonyesha alama ya matope kwenye nguzo. Akaitazama, akauliza maji huchukua siku ngapi kutoka hapa hadi kwao. Sikujua. Niliishi karibu na mto huo miaka arobaini na mitano na sikujua.

Alikaa nasi hadi Machi, akapanda kunde nyuma ya chumba chake, kisha mvua zilipokaribia akafunga mzigo akarudi Mageta. Kila Desemba huja. Lakini kuanzia Aprili simu hulia kwangu usiku, si kwa binti yake. Kule Budalang'i bado ana dada na majirani wa zamani wanaoishi nyuma ya matuta. Hunisalimu kwa kifupi, huniuliza kama kwetu imenyesha, na mimi huvaa gambuti, nikachukua tochi, nikateremka mtoni kuitazama alama.